Mkombozi wa Kinanira

Jumatatu, 3 Novemba
Redio imetangaza tuzo kwa biashara zinazopiga vita utumwa wa kisasa. Radjabu, mwoka mikate wa Kinama, ameshajiandikisha. Radjabu! Kama ni tuzo ya mikate, sawa, watu wana ladha zao. Lakini utu? Nami, mwoka mikate wa Kinanira, nipo?

Nimechukua masharti, nikayasoma huku nikitikisa kichwa. Kumbe kuna waajiri wanaozuia watu kuondoka kazini. Wengine wanawanyang'anya hata vitambulisho. Dunia ina watu wenye roho ngumu. Nikayafungia masharti kwenye droo, juu ya karangamuntu za Spès na Valéry, vitambulisho vyao vya uraia, ambavyo ninawatunzia tangu walipoanza kazi kwangu. Vijana hupoteza vitu.

Jumatano, 5 Novemba
Spès, anayekanda unga wangu, amekuja tena na habari za mama yake. Mama yuko Rumonge, mgonjwa, hainuki kitandani. Spès anataka karangamuntu yake aende kumwona, maana bila hiyo polisi wa vizuizi vya barabarani watamrudisha. Nikamweleza kwa upole kwamba wiki hii tunapigania uhuru wa binadamu, kwa hiyo siwezi kumruhusu mtu kuondoka.

Akasema, "Patron, mama anaweza kufa."

Nikamwomba avumilie hadi tuzo ipite. Akarudi kwenye unga. Nidhamu safi. Waamuzi wataipenda.

Jioni nimechora bango: HAPA KILA MTU NI HURU. Mke wangu Ingrid akauliza hapa ni wapi. Masihara yake hayana wakati.

Ijumaa, 7 Novemba
Siku kubwa. Waamuzi wamefika, wakiongozwa na Madame Nella, mama mpole mwenye miwani. Nilikuwa nimeandaa jambo ambalo Radjabu hawezi hata kuliota. Niliwapanga Spès na Valéry mbele ya tanuri, nikatoa hotuba fupi, kisha nikamkabidhi kila mmoja karangamuntu yake iliyofungwa utepe. Nikatamka kwamba leo nawakomboa. (Jioni ningezikusanya tena.)

Wageni wakazikodolea macho karangamuntu. Walikuwa wameguswa, naona. Madame Nella akauliza karangamuntu zilikuwa zimekaa wapi. Nikajibu: kwenye droo, mahali salama kabisa, ufunguo ninao mimi peke yangu. Akaandika kwa muda mrefu. Dalili njema.

Spès akaipokea yake kwa mikono miwili. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Akawashukuru wageni. Halafu akamuuliza Madame Nella kama gari lao linapita upande wa barabara ya Rumonge. Halikuwa linapita. Madame Nella akasema sasa litapita.

Akaondoka na gari la waamuzi. Nikawapungia mkono. Ningefanya nini?

Jumamosi, 8 Novemba
Valéry naye hakutokea. Nimekanda mwenyewe. Mteja wangu wa Kibenga, bibi mmoja mstaarabu, amerudisha mkate akaniuliza kama nimeanza kuuza matofali.

Nikaambiwa Valéry yuko kwa Radjabu. Nikaenda Kinama kudai mtu wangu. Radjabu alinikaribisha chai ya tangawizi, kunidhalilisha. Akasema kwake anayetaka kwenda anaaga tu, na anayetaka kuja anabisha hodi. Upuuzi. Hivyo ndivyo watu wanavyozoea kwenda na kuja.

Valéry akatoka kwenye tanuri, jasho linamtiririka. Nikamwambia nimekuja kumtafuta.

Akasema, "We unanitafuta mi, ao unatafuta karangamuntu?"

Nikasema vyote viwili. Ukweli ndio silaha yangu. Wakacheka, hata walionunua mkate dirishani. Radjabu akanifungia mkate mmoja nimpelekee mke wangu. Haukufika. Mkate wa kawaida tu. Ni vile nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 13 Novemba
Sherehe hotelini. Koti jipya. Tuzo imeenda kwa Radjabu. Hakuwa hata na hotuba: aliwaomba wafanyakazi wake wasimame, akaketi yeye. Uvivu. Watu wakapiga makofi kana kwamba wameona muujiza.

Lakini sikusahauliwa. Madame Nella alizungumza kirefu kuhusu mwoka mikate mmoja wa Kinanira, ambaye amemfundisha kwamba kazi bado ni kubwa. Nikasimama, nikainamisha kichwa kwa ukumbi mzima. Ingrid alikuwa akinivuta koti kwa nguvu. Wivu.

Njiani akaniambia Spès alimpigia simu. Mama yake ameanza kunywa uji, jana alikaa nje ya mlango. Nimefurahi kwa dhati. Nikauliza kama Spès aliniulizia. Ingrid akasema hapana.

Jumapili, 16 Novemba
Suluhisho limepatikana. Nimemteua Ingrid mkurugenzi mwenza, kitengo cha kukanda unga. Baada ya misa akauliza siku yake ya mapumziko ni ipi. Nikamweleza kwa upole kwamba mwenye biashara hapumziki. Biashara ni yake, atapumzika na nini?

Akauliza tena, taratibu, kama kweli biashara ni yake. Nikasema ni yake kabisa.

Basi ameifunga. Ufunguo anao yeye, na yeye yuko kwa dada yake hadi Jumatano. Naandika haya nimekaa nje, kwenye ngazi za duka, mvua inaanza.

Sikati tamaa. Mwanamke kuamua peke yake namna hii, katika biashara yangu, bila hata kuniuliza! Lazima iko tuzo ya waajiri wanaoinua wanawake. Kesho naenda kuchukua masharti.