Baba wa Ndama wa Supeet

Jumatatu, 14 Machi 2005
Karatu. Miaka sita nimeitwa Daktari kwa cheti cha wiki tatu na duka la dawa za mifugo. Leo kaja daktari wa kweli! Mtafiti, jina lake Anneth. Anakwenda Kakesio kwa rafiki yangu Supeet. Ndigana kali, homa ile ya kupe, imemuulia ndama kumi na mmoja. Saba wamepona bila sindano hata moja. Anneth anataka kujua wamerithi nini, na kwa nani. Nikamwambia asihangaike. Baba yao ni Generali, fahali wangu, niliyempeleka kule mwenyewe kuboresha mbegu. Akasema tusubiri vinasaba. Ana dharau huyu!

Jumatano, 16 Machi
Kakesio. Kachukua damu ya ndama, vipande vya ngozi za waliokufa, damu ya Generali. Hata ya yule maksai mfupi wa Supeet! Nilicheka mpaka kikohozi. Nilimhasi mwenyewe mwaka juzi, asimsumbue Generali. Supeet akasema ndama waliopona wanafanana na maksai huyo. Nikamjibu kwamba sayansi haiangalii sura. Akasema hana tena ndama wa kupoteza. Baba wa wale saba atabaki na ng'ombe wake, mwingine aondoke. Nikakubali haraka.

Alhamisi, 9 Juni
Majibu! Nilivaa tai. Anneth kasoma mbele ya boma zima. Ndama saba, baba mmoja: maksai. Generali ni baba wa waliokufa, karibu wote. Akasema uchunguzi ndio kwanza unaanza, kisha akauliza kwa upole nani alimhasi yule maksai. Wote wakanigeukia. Nareyu, mke wa Supeet, alicheka hadi akakaa chini. Supeet mwenyewe hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kazi mbovu. Ningeijua kazi yangu, asingekuwa na ndama hata mmoja. Macho yake yalilowa. Yangu pia, kwa aibu.

Jumamosi, 11 Juni
Generali karudishwa. Yuko nyuma ya duka, kala shuka la jirani. Asubuhi Joel, mchora mabango, kafuta "Daktari" kwenye bango la duka, kaandika "Mtaalamu wa Vinasaba". Limependeza! Saa nne kaja mama mmoja na mwanambuzi. Nikatazama masikio ya mbuzi, nikataja baba yake papo hapo. Dakika moja! Anneth anahitaji miezi mitatu.