Kamera ya Mama Rodah Isiyo na Waya

Mvua ya El Nino ilipomaliza kubomoa barabara na kuangusha nyaya za simu hadi vilima vya chai vya Mogogosiek, watu wengine waliona hasara. Kepher aliona soko. Huyu Kepher, mtoto wa mjini Kericho, angeweza kumuuzia chura mwavuli. Shida yake ilikuwa moja tu: Mzee Owino wa kiwanda cha majani chai, baba yake Maxine, mchumba wa Kepher, hakutaka kusikia mahari ya noti.

"Noti nitaipeleka malishoni?" alimwambia. "Jumamosi lete ng'ombe, mwenye kwato. La sivyo kuna karani mmoja wa mizani anaulizia huyu msichana."

Basi akiwa hotelini, kijasho kikimtoka, akasikia akina mama wakisema Mama Rodah, yule mjane anayeishi peke yake mwisho wa mashamba ya chai, ameibiwa kuku wote mpaka jogoo. Kepher akalipia chai kabla hajainywa, jambo ambalo mwenye hoteli alilisimulia mwezi mzima.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Rodah, tai shingoni, mkononi makopo mawili ya rangi ya viatu yaliyobandikwa vioo vya tochi.

"Mama, hii ni kamera ya ulinzi. Haina waya."

"Na stima hapa hatuna."

"Ndiyo uzuri wake! Inakula jua. Picha inaruka hewani, inaingia kwa intaneti, inatua ofisini kwangu Kericho."

"Intaneti ndiyo nini?"

"Ni kama redio, Mama, lakini redio inayokuona."

Rodah akatazama ukungu bondeni. "Na itapita huo mlima?"

"Itapita, ila polepole. Hewa ya huku ni nzito. Picha ya leo inaweza kufika wiki ijayo."

"Sasa mwizi angoje wiki?"

"Kwani mwizi anajua, Mama?"

Rodah akacheka mpaka akashika mlango. Akamkaribisha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akasema pesa hana, lakini yule ng'ombe mwekundu pale, amchukue tu. Kepher nusura apaliwe. Mjanja aliyekamilika angejiuliza kwa nini samaki amejirusha mwenyewe kikaangoni. Lakini mapenzi, ndugu zangu, humpofusha hata anayeuza macho.

Jumamosi, uani kwa Owino, vigelegele vilikuwa ndiyo kwanza vimepamba moto Rodah alipoingia na Mzee Kimeli, mzee wa kanisa, fimbo mkononi.

"Ng'ombe wangu anafanya nini hapa?" akauliza Kimeli.

Ijulikane kwamba kwa Wakipsigis, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika boma moja. Huwaweka kwa marafiki. Rafiki hulisha na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe. Mtu anaweza kukugawia shamba lake, lakini ng'ombe aliyewekewa hamgusi. Hilo Kepher hakufundishwa kule stendi ya mabasi mjini.

"Mama Rodah mwenyewe alinipa!" akalia.

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mimi nitoe ng'ombe wa kuwekewa?" Rodah akashika kiuno. "Hata mlevi wetu hafanyi hivyo. Lakini tusibishane, kijana. Si kamera ilikuwa mlangoni? Lete picha tuone nikikupa."

"Picha... bado hazijafika."

"Tutangoja."

Kimeli akahamisha fimbo mkono wa kulia. Katika nchi ile, kesi ya mwizi wa ng'ombe haikawii kuamuliwa, na mara nyingi polisi huikuta imeisha.

"Ni makopo!" Kepher akapiga magoti. "Makopo ya rangi ya viatu! Mimi ni mwongo, jamani, si mwizi wa ng'ombe!"

Maxine alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake hakucheka. "Mwaka uishe umeleta ng'ombe wako mwenyewe. Ukishindwa, karani."

Wazee wakakata shauri: aliyeuza macho alete macho. Kepher atalinda nyumba ya Rodah mpaka Krismasi, mshahara ugali.

Hivyo akakaa kibarazani, mvua ikimpiga, wachuma chai wakimpigia kelele kila asubuhi: "Wee Kamera! Jana umeona nani?"

Na aliona, bana. Jumapili moja, bonde zima likiwa kanisani ila Rodah aliyebaki ndani, mlango wa jikoni ulifunguka taratibu. Akatoka Mzee Kimeli, viatu mkononi, Kimeli yuleyule aliyetuma salamu kanisani kwamba mgongo umemlaza.

"Chamgei, Mzee. Mgongo unaendeleaje?"

Kimeli akavificha viatu mgongoni. "Kijana... umeona nini?"

"Mimi ni kamera tu, Mzee. Shida ni picha, zinaruka zenyewe. Na hizi za leo naona zinaelekea kanisani."

"Haziwezi kuzuiwa?"

Kepher akatazama malishoni, ambako ng'ombe mwekundu alikuwa akicheua bila wasiwasi. "Zinaweza. Lakini safari hii mbele ya mashahidi."

Kesho yake Kimeli aliwaita wazee, akatangaza kwamba toba ya kijana imemgusa, na ng'ombe yule amempa, si wa kuwekewa, ni wake na watoto wake. Wazee wakamsifu kwa moyo wa Kikristo. Mmoja akatoa machozi. Rodah alikuwa nyuma yao, akikohoa ndani ya leso, na kikohozi kikakataa kuisha.

Kepher aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, akashika kamba ya ng'ombe, akaelekea kwa Owino kabla ya maombi ya kufunga.