Ombi la Kupunguziwa Kichwa

Wadha binti Mutlaq,
Jahra, Kuwait.

Kwa Daktari Barjas,
Mkuu wa Upasuaji wa Matumbo.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA KICHWA

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono haitetemeki na mashine yako inakata vizuri. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, kisha uhusike na kichwa changu mimi mwandishi, ambacho ndicho chanzo cha usumbufu huu.

Mimi ni msichana uliyempunguza tumbo miaka mitatu iliyopita, nikiwa na miaka kumi na saba. Wagonjwa wako ni wengi, sitegemei unikumbuke kwa sura, na hata ungenikumbuka, sura yenyewe imebadilika. Nilikuja na Mama upande wa kulia na Shangazi Nuriya upande wa kushoto, wote wawili wateja wako wa zamani. Ulipouliza, "Mgonjwa ni nani?" walijibu kwa pamoja, na wewe ukaandika maelezo yao.

Kwanza nakushukuru. Kazi yako ilikuwa safi. Robo tatu ya tumbo iliondoka, na nusu ya mwili ikaifuata bila kuaga. Tatizo, Daktari, ni kwamba ulipunguza upande mmoja tu. Kichwa ulikiacha vilevile, kinene, kizito, kinakula mchana kutwa na hakishibi. Fundi akishona mkono mmoja wa kanzu akamwachia mteja aende nao nyumbani, tunasema kazi haijaisha. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kichwa changu hakijapewa taarifa ya upasuaji. Bado kinaamini kinauongoza mwili wa zamani. Mlangoni mwa duka la ushirika hunipitisha ubavu, hata juzi mzee aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Binti, mbona unaingia kama kaa? Mlango huu unapita gari." Kila ninapotaka kukaa, hunilazimisha nikikague kiti kwanza. Nilianza tabia hiyo nikiwa na miaka kumi, siku kiti cha shule kiliponivunjikia mbele ya darasa zima. Sasa mwezi uliopita nilikwenda kumpa pole jirani yetu aliyefiwa na mumewe. Nikakishika kiti cha plastiki, nikakitikisa, nikaikandamiza miguu yake, mmoja baada ya mwingine. Mjane aliacha kulia. Aliniomba radhi kwa ubovu wa viti vyake na akaamuru kochi litolewe sebuleni. Wanaume wanne walilibeba kochi hilo, Daktari, nami nikakaa peke yangu juu yake kama bibi harusi, msibani. Aibu hiyo ingeepukika kama ungekata juu kidogo.

2. Kichwa changu hakipokei sifa. Watu wananisifu sana siku hizi, lakini wananisifu kwa namna ya kumzika mtu. Shangazi Nuriya huwaonyesha wageni picha yangu ya zamani na kusema, "Maskini, alikuwa na roho nzuri." Nikimwambia, "Shangazi, nipo hapa," ananijibu, "Si wewe, mwanangu. Namsema yule." Na wale ambao zamani walinitazama kama wanavyotazama kabati, sasa wananifungulia milango. Kichwa changu kinakasirika, kinataka kujua walikuwa wapi. Wiki iliyopita muuza manukato sokoni aliniita "malkia". Nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza mbele za watu, "Ulikuwa wapi nilipokuwa na kilo mia na thelathini?" Yule kijana akasema, "Wallahi dada, nilikuwa Aleksandria. Nimefika mwezi uliopita tu." Nililazimika kununua udi nisioutaka ili niondoke kwa heshima.

3. Chakula cha Ijumaa. Unaufahamu ukoo wetu, maana umeufungua karibu wote. Kwetu kupunguzwa tumbo si jambo la kuuliza "je"; ni la kuuliza "lini". Wasichana wenzangu walipofaulu mtihani wa sekondari, wazazi waliwapeleka Istanbul. Mimi nililetwa kwako. Sasa Ijumaa tunakusanyika kwa Bibi Ghanima, mama yake Baba, mwanamke pekee mtu mzima katika ukoo ambaye bado ana tumbo alilozaliwa nalo. Bibi hakubali kupunguza sufuria. Anapika machbus, wali wetu wa viungo, kwa kondoo mzima, sinia linaingia limebebwa na watu wawili, na sisi tunalizunguka. Wanawake kumi na mmoja. Ukituunganisha matumbo yetu hatutimizi mlaji mmoja wa heshima. Kila mmoja anakula vijiko vitatu, anashika kifua, anamsifu Mungu. Sinia linarudi jikoni kama lilivyokuja, limekwanguliwa pembeni tu.

Bibi analipuka. "Mmekuja kula au mmekuja kupiga picha? Zamani nilikuwa na wajukuu, sasa nina ndege wa kudonoa!" Kisha, kwa kumwonea uchungu kondoo, anakula yeye kwa niaba yetu sote. Ana miaka sabini na nane. Kila Ijumaa jioni shinikizo la damu linampanda, na tunaomdhuru ni sisi tuliopunguzwa kwa ajili ya afya. Kichwa changu kimeliona jambo hili na kinalitafuna wiki nzima. Wenzangu hawalioni. Ndiyo maana nasema ugonjwa uko kwenye kichwa changu.

4. Kichwa changu kimefungua mahakama. Hili ndilo zito, naomba ulisome taratibu. Kina mawakili wawili na wote wanaishi humo bure. Wa kwanza anasema: ulikuwa mtoto. Hukujua hata kama unapenda kahawa na sukari au bila sukari, wakakuamulia jambo lisilorudi nyuma. Labda ungepungua mwenyewe. Labda ungebaki mnene ukaolewa na mtu mnene mkacheka mpaka uzeeni. Nywele zilizokuwa zinanyonyoka na kujaa kiganjani mwaka ule wa kwanza baada ya upasuaji zilikuwa zako, na hakuna aliyekuuliza.

Wa pili anamsubiri amalize, kisha anauliza swali moja tu: unamkumbuka mama yako alikuwa analala wapi? Daktari, hili hukuandika kwenye maelezo yako. Mwaka mzima kabla sijaja kwako, Mama alikuwa akilala sakafuni chumbani kwangu, kwa sababu usingizini pumzi yangu ilikuwa inakatika. Ikikatika, alinitikisa. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Ngazi za shule nilizipanda kwa awamu, kama serikali inavyojenga barabara. Leo nazikimbia, na Mama analala kitandani kwake.

Basi asubuhi kichwa kinahukumu kwamba niliokolewa. Adhuhuri kinahukumu kwamba niliibiwa. Baada ya alasiri kinahukumu yote mawili kwa pamoja, kisha kinaomba kaimati, na kaimati zikija nikila ya pili natapika, na kesi inaanza upya.

5. Mdogo wangu Shouq. Ana miaka kumi na sita, ni mnene kiasi, hana sukari, analala fofofo, na anacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Jina lake liko kwako kwa Jumapili ijayo. Ijumaa iliyopita Shangazi Nuriya alilitangaza jambo hilo mbele ya sinia, vigelegele vikapigwa. Bibi peke yake hakupiga. Vilipotulia, Shouq akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi: "Dada, ungerudishwa nyuma, ungefanya tena?"

Mikono yote ikasimama juu ya wali. Mimi nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Unajua wewe mwenyewe nyama inavyotutenda tusipoitafuna sawasawa. Nilikimeza kizima kwa hofu, kikakwama. Machozi yakanitoka, povu likanijaa mdomoni, nikakimbilia chooni. Niliporudi nilikuta baraza la vita.

"Umemtisha mtoto!" Mama akasema.

"Mama, sijasema hata neno."

"Ndivyo ulivyomtisha!"

"Hajui kutafuna, basi," akasema Shangazi Nuriya. "Siku zote nasema, huyu hajui kutafuna."

Bibi Ghanima akajifuta mkono taratibu, akasema, "Mtoto ameuliza, nyama imejibu."

Tangu siku hiyo Shouq hacheki. Anapita kando ya ukuta kama mtu anayedaiwa. Na Mama ananifuata kila chumba akinisihi nimwambie kabla ya Jumapili maneno matatu tu: "Nina furaha, nenda." Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. "Nina furaha" nalitoa bila shida, na siku nyingine ni kweli kabisa. Lakini nikifika kwenye "nenda", kichwa kinafunga mlango. Nimejaribu pia kusema "usiende". Hilo nalo halitoki, maana namwona Mama pale sakafuni.

Kwa sababu hizo, naleta mbele yako maombi yafuatayo.

Kwanza, nipunguzwe kichwa kwa kipimo kilekile cha tumbo, yaani robo tatu iondoke. Nitaridhika na robo itakayonitosha kuswali, kuendesha gari na kukumbuka siku ya kuzaliwa ya Mama. Kile kiti cha darasani, na mawakili wote wawili, naomba waondoke na kipande kitakachokatwa.

Pili, ikiwa vifaa vyako havifiki shingoni, basi uwapunguze ndimi ndugu zangu. Ninayo majina. Shangazi Nuriya anaweza kuja hata leo, hata kwa miguu, maana husikia raha tu akiona mlango wa hospitali.

Tatu, ikiwa sheria inakataza kumkata mtu asiyeomba (nami nashangaa sheria hiyo ilikuwa imesafiri wapi mwaka ule), basi naomba uandike kwa wakubwa ili nchi nzima ibadilishwe itufae sisi tuliobadilishwa. Sinia zipasuliwe zibaki robo. Kondoo wazaliwe wadogo. Harusi ziishe baada ya vijiko vitatu. Kila mtu anayetaka kunisifu awe na cheti kwamba aliwahi kunisalimu nikiwa na kilo mia na thelathini.

Nne, na hili ni la mwisho: ikiwa yote hayo yameshindikana, nipunguze mimi mzima. Ukate, ukate, libaki jibu tu. Liweke kwenye kisahani, Mama ampelekee Shouq kabla ya Jumapili, waniache nipumzike.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenishika mkono nilipozinduka na kunidanganya kwamba nimependeza. Nisalimie yule bwana wa dawa ya usingizi. Wagonjwa waliolala hapo leo wasalimie pia, wakubwa kwa wadogo, na uwaambie supu ya siku ya kwanza ni mbaya kwa kila mtu, wasidhani ni wao. Familia yako nayo naiombea afya na matumbo mapana.

Ni mimi mteja wako mtiifu, mwenye tumbo dogo na kichwa kikubwa,

Wadha binti Mutlaq

Nyongeza: Naomba usifanye lolote kati ya hayo niliyoyaandika hapo juu. Nilipokuwa natafuta bahasha, Shouq aliingia chumbani, akafunga mlango, akaketi juu ya kitanda changu. Akaniuliza tena lile swali. Safari hii sikuwa na kitu mdomoni, nikamwambia, "Sijui."

Nilidhani atalia. Akasema, "Hujui kweli?"

"Kweli. Kuna siku namshukuru Mama na kuna siku simsamehi. Mara nyingine ni siku hiyohiyo."

Akasema, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kunijibu. Wengine wote wananipongeza tu."

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Nilimweleza kuhusu nywele, na pumzi, na ngazi, na ile njaa isiyokaa tumboni. Aliuliza maswali ambayo hata wewe hukuniuliza. Mwisho akashuka chini, akamwambia Mama, "Jumapili siendi. Siku nikitaka nitasema mwenyewe, na nisipotaka pia nitasema mwenyewe." Mama amelia, kisha amepiga kelele, kisha amemwuliza kama amekula. Ninapoandika hapa nawasikia wote wawili jikoni, bado wanabishana, na katikati ya ubishi huo Shouq amecheka kile kicheko chake, na jirani amegonga ukuta.

Kwa hiyo naliondoa ombi langu la kichwa. Kimeonekana kinahitajika hapa nyumbani, kizima, na mawakili wake. Tafadhali lifute jina la Shouq siku ya Jumapili, na uufunge mlango kwa ndani, maana Shangazi Nuriya amesikia kwamba kuna nafasi.