Pua ya Mjukuu na Penseli ya Wanja

Jumatatu, 3 Machi
Inatangazwa rasmi: pua ya ukoo wetu haitapotea duniani. Mjukuu kazaliwa jana, wa kiume, pua bapa kama yangu! Si jambo dogo. Mwanangu na mkewe wamekubaliana mtoto apewe jina la babu atakayefanana naye. Mababu tuko wawili: mimi, kinyozi, na baba yake mkamwana, fundi magodoro, ambaye wote tunamwita Godoro. Nikamwambia mke wangu mchezo umekwisha. Akacheka mpaka akakaa chini. Eti pua yangu ilikuwa imenyooka vizuri tu, hadi nilipogongwa na mlango wa saluni yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Mkamwana anafundisha bayolojia. Kanieleza kwa upole, mtoto begani: baba, mlango haurithiwi. Yanayompata mtu ukubwani huishia kwake. Godoro alikuwepo. Aliitikia sana kwa kichwa. Kile kichwa chenye upara.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia chini ya kofia ya mtoto. Kweupe! Upara wa Godoro! Nimekimbilia saluni nikajinyoa hadi nikameremeta. Mteja akaingia, akanitazama, akaniuliza kinyozi yuko wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Kofia imevuliwa. Nywele tele! Kumbe nilichungulia paji la uso. Godoro kanipigapiga begani, akanikaribisha kwenye chama cha wenye upara.

Ijumaa, 7 Machi
Habari mpya. Mtoto ana kitobo kidogo mbele ya sikio la kulia, na hakuna anayekumbuka kukiona katika familia zote mbili. Mkamwana kafurahi kama kaokota lulu. Anasema kila mtoto ni karata zilizochanganywa upya, nusu za mama, nusu za baba. Nyingine hujificha kizazi kizima, zikaibukia kwa mjukuu. Na mara mojamoja mwili hukosea kidogo unaponakili karata hizo, kikazuka kitu kipya kabisa. Nikauliza kama kitobo huja kidogokidogo, kama urefu. Hapana, akasema: urefu una watu wa kila kimo, na chakula nacho kina mkono wake, kitobo ama unacho ama huna.
Ama unacho! Mke wangu ana penseli ya wanja.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya kutoa jina. Nilihudhuria, nikasema machache, nikaondoka mapema kwa heshima zangu.

Jumapili, 9 Machi
Ya jana ni uongo. Ukweli ni huu. Niliingia na kitobo changu cha wanja, nikakaa kwa ubavu ili kionekane. Godoro naye alikuwa amekaa kwa ubavu. Ana kitobo! Sikio la kushoto, mzee wa watu, alijichora akijitazama kwenye kioo, kikamgeuzia upande. Nikapewa mtoto. Akainua kiganja chenye mate, akanifuta, shavu zima likawa jeusi. Mkamwana alicheka mpaka machozi. Mwanangu akasema mtoto hafanani na babu yeyote, anajifanana mwenyewe tu, basi apewe jina jipya, lake peke yake. Wakampa. Jina zuri, kusema kweli. Nililia kidogo. Godoro akanikopesha leso, ikarudi nyeusi.
Tulirudi pamoja. Tumekubaliana kwamba yule wa pili akizaliwa, kwanza tuulizane sikio lipi.