Walimu Wote Wawe Wabunifu Ifikapo Jumatatu

Kosa ni langu, na nalikiri mapema kabla hamjaanza kumlaumu Bwana Abdulmajid Mwinshehe. Mimi ndiye mwalimu niliyejibu tangazo lake la tano kwa kidole gumba. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa gulioni Mkuyuni, mkono mmoja umeshika chane ya ndizi, mwingine simu, nikaona kidole gumba kinatosha. Kumbe nimetikisa ofisi nzima.

Tangazo la kwanza lilikuwa hili: "Kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, walimu wote mtakuwa wabunifu. Atakayeshindwa kubuni atoe maelezo kwa maandishi, kupitia kwa mwalimu mkuu wake."

Bwana Mwinshehe alikuwa Mratibu wa Dawati la Ubunifu na Ujifunzaji wa Mtandaoni. Ofisi yake iko mjini Morogoro, ghorofa ya pili, dirisha linatazama milima ya Uluguru. Dawati lina watu wawili: yeye, na Happiness, karani anayejua simu. Na jambo lililokuwa linamnyima usingizi lilikuwa moja tu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, Bi Yasmin, mkaguzi wa makao makuu, angekuja kutoka Dodoma kuona walimu wakifundishana mtandaoni. Akiliona hilo kwa macho yake, Mwinshehe anahamia Dodoma, kwenye kiti cha kuzunguka. Asipoliona, dawati linavunjwa na yeye anarudi darasani. Darasani! Mtu ana miaka kumi na tisa hajashika chaki. Hata vumbi lake limeshamsahau.

Basi likafunguliwa grupu, tukaingizwa walimu mia tatu na kumi na saba. Mwinshehe akaanza na msingi. "Jumuiya isiyo na adabu ni gulio," aliandika. Ukatoka Mwongozo Namba Moja: hakuna kutoa wazo kabla ya salamu, mdogo amwamkie mkubwa, na kila mmoja aweke mwaka wake wa kuzaliwa mbele ya jina ili shikamoo zisipotee njia.

Shikamoo zilianza Jumatatu saa mbili. Jumatano marahaba zilikuwa bado zinapanda mlimani. Mabando yaliisha, simu zikawa za moto kama chapati. Mwalimu Fidelis na Mwalimu Agnes walionekana wamezaliwa mwaka mmoja, ikaundwa kamati ndogo kuchunguza nani amwamkie nani. Kamati ikabaini ni mapacha. Ikaomba iongezewe muda.

"Ushiriki umefika asilimia mia," Mwinshehe alisema, akisugua mikono.

"Ila mkuu," Happiness akasema, "hakuna aliyejifunza kitu."

"Hiyo ni awamu ya pili."

Katikati ya mafuriko hayo ulipita ujumbe wa Mwalimu Chausiku, anayefundisha shule moja juu kule Matombo: "Jamani, watoto wangu wa darasa la nne hawaelewi sehemu. Nusu na robo zimewashinda, na mtihani unakuja. Vitabu ninavyo viwili, watoto themanini na sita. Mwenye njia naomba."

Mwinshehe alijibu ndani ya dakika moja, maana ofisi ile ina kasi. "Mwl. Chausiku, umeuliza bila salamu. Hili ni onyo."

Mwalimu Alois wa Mkuyuni hakusubiri onyo likauke. "Dada, chukua mkungu wa ndizi. Hesabuni chane. Mkungu ndio kitu kizima, chane ndio sehemu. Watoto wa huko wanazijua ndizi kuliko mimi na wewe."

"Mwl. Alois," akaandika Mwinshehe, "hiyo ndizi imeidhinishwa na nani?"

"Imeidhinishwa na mgomba, mkuu."

Grupu likacheka. Vikatuma vicheko hata vidole vilivyokuwa havijawahi kutuma kitu. Ujumbe wa Alois ukafutwa, likatoka tangazo la tano: "Nimesikitishwa. Ubunifu unaletwa ofisini nakala tatu, unapitiwa, ndipo unabuniwa. Mijadala inachelewesha maendeleo."

Hapo ndipo nilipotuma kidole gumba changu.

Mwinshehe aliinua simu akamwonyesha Happiness. "Hiki kina maana gani?"

"Ni sawa, mkuu."

"Sawa ya nimekubali, au sawa ya tumekusikia, endelea kuongea?"

Happiness alifikiri kwa uaminifu. "Hiyo ya pili, mkuu."

"Funga."

"Nifunge nini?"

"Vyote. Maneno, picha, sauti, vidole. Wawe wanasoma tu. Ubunifu unataka utulivu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotoa maelekezo mengine."

Happiness akabonyeza, akaandika kwenye daftari la maelekezo, akaendelea na chai yake. Mwinshehe hakuuliza amebonyeza wapi. Mambo ya kubonyeza si ya ngazi yake.

Zikapita wiki tatu. Alikuwa anatuma tangazo asubuhi na tangazo jioni, hakuna wa kumbishia, mpaka akaanza kuamini tunafurahi. Alivyozoea ule ukimya, akasahau kabisa kwamba aliuagiza yeye.

Sisi huku, mdomo ukifungwa, miguu inafunguka. Siku ya gulio Chausiku alishuka Mkuyuni, akamkuta Alois amesimama kando ya lundo la ndizi za mke wake.

"Haya kaka, hiyo ndizi isiyoidhinishwa iko wapi?"

"Karibu, ila ongea polepole, hatujawasilisha nakala tatu."

Wakakaa juu ya magunia, akamwonyesha. Mimi nikasogea. Agnes akaja na vijiti vyake vya kufundishia kusoma. Gulio lililofuata tulikuwa kumi na wanne, lililofuata thelathini, wateja wakidhani ni kikao cha madalali.

"Mnapandisha bei nyie," mama mmoja akatusonya.

Ijumaa ikafika. Bi Yasmin akashuka garini akiwa na daftari dogo na viatu vya kutembelea, ishara mbaya sana kwa anayekaguliwa. Akataka kupelekwa kwa mwalimu yeyote. Mwinshehe alikumbuka jina moja tu, la yule aliyempa onyo. Gari likapanda Matombo, linaruka mashimo, yeye anahutubia.

Darasani mkungu ulikuwa umelala mezani kama mgeni rasmi.

"Shikamooni!" watoto themanini na sita wakapiga kelele.

"Marahaba. Nani ataniambia robo ya mkungu huu?" Bi Yasmin akauliza.

Pendo, binti wa dawati la mbele, akasimama. "Una chane nane. Robo ni chane mbili."

"Na ungekuwa na chane saba, nusu yake?"

"Chane tatu na nusu. Hiyo ya saba unaikata katikati, halafu mnagombana na mteja."

Bi Yasmin alicheka mpaka akashika meza. Mwinshehe naye akacheka, cheko la mtu aliyeshaanza kufunga mizigo ya Dodoma. "Matunda ya grupu letu," akasema.

"Mwalimu, hii umejifunza kwenye grupu?" Bi Yasmin akamgeukia Chausiku.

"Kwenye grupu nilipata onyo, mama. Hii nimejifunza gulioni Mkuyuni, juu ya magunia."

Nje jogoo akawika, hakuidhinishwa.

"Nionyeshe hilo grupu," Bi Yasmin akasema.

Mwinshehe akasogea kona ya dirisha, ndiko mtandao unakofika, akampa simu. Bi Yasmin akapandisha kwa kidole, akapandisha tena. Tangazo. Tangazo. Tangazo. Yote yalikuwa ya mtu mmoja.

"Bwana Mwinshehe, walimu wenyewe wako wapi?"

"Wapo, mama. Watulivu sana. Watajibu sasa hivi."

Akaandika akituagiza tujibu. Tukaupata sote ujumbe huo. Mimi nilikuwa Mkuyuni, darasani, kidole kiko tayari, nikatafuta pa kukiweka, hapakuwa na mahali. Mjini, Happiness alisoma pia, akafungua daftari la maelekezo, akaona hayajatoka mengine.

Pale dirishani Mwinshehe aliona alama za kusomwa zikiongezeka: kumi, mia, mia tatu na kumi na saba. Jasho likamshuka. Akalifuta, na yeye, mzaliwa wa mwaka sitini na sita kwa orodha yake mwenyewe ya salamu, mkubwa kuliko wote, akaandika tena:

"Walimu wangu, shikamooni. Naombeni mmoja wenu aseme chochote. Hata kidole gumba."