Bakuli la Mwita

"Taarifa ya habari!" Lenny aliinua simu juu, akakohoa, akajifanya mtangazaji. "Euless, Texas. Watu wanane walioalikwa karamu jana mchana wamerudi makwao na njaa kubwa kuliko waliyotoka nayo. Polisi hawajakamata mtu."

Benchi zima likaangua kicheko. Benchi lenyewe liko nje ya duka la Wawira, anayeuza unga, dagaa na chai ya maziwa, na kila Jumapili watu wakishatoka kanisani bunge hukaa hapo, ndege zinapita juu ya vichwa hadi mtu anaacha sentensi katikati na kuimalizia baadaye. Sadock alikuwa ukingoni, chai imempoa mkononi. Hakucheka. Mwenye karamu alikuwa yeye.

"Msiseme njaa," alijitetea. "Zile ni tapas. Yule Mhispania wa ofisini kwetu ndiye aliyenifundisha. Marafiki wakikutana kwao, mnaweka visahani vidogovidogo, mnadonoa, mnapiga soga, mnadonoa tena."

"Kudonoa?" Wilondja alishtuka. Kijiweni wanamwita Jenerali, kwa kuwa anasimamia watu watatu ghalani na huwaita kikosi. "Mimi niko kuku?"

"Manze, Jenerali alipata olives peke yake," Lenny akasema. Huyu ni dereva wa trela, jina lake la kijiweni ni Maili, na hadithi zake huongezeka urefu kila akivuka mpaka wa jimbo.

"Kumi na mbili!" Jenerali akasimama kabisa. "Na mbegu ndani! Nilitia kumi na mbili mu kinywa, nikatosha mbegu kumi na mbili. Sasa nilikula nini?"

"Lakini nani alikwambia uchukue sahani nzima?" Sadock akauliza.

"Batu nane, sahani nane. Ukasema karibuni, ukakimbia ku jikoni. Mutu atafikiri nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Sadock alipanga mezani viazi vya mayai, jibini, vidonge vya nyama, mkate wa kupakwa nyanya na vingine vinne, akakaribisha, akarudi jikoni kutafuta vijiti vya kudonolea. Alipotoka, meza ilikuwa nyeupe. Kila mgeni alishapakata sahani yake, sala imeshasomwa, wanakula kimyakimya kama wagonjwa waliopangiwa chakula na daktari.

"Hata kubadilishana jamani?" Sadock akalalamika.

"Buda, nikuombe chakula ya sahani yako mbele ya watu?" Lenny akauliza. "Mimi nilipata mkate na nyanya. Nikasema ni sawa, labda nimepewa hiyo juu sina bibi. Nikimaliza nikaingia drive-thru ya kuku. Nani ako kwa laini mbele yangu? Wawira. Na kando yake Jenerali, amejifunika kofia mpaka kwa kidevu."

"Woiye, mimi nilikuwa napeleka Jenerali kwake," Wawira akasema kutoka mlangoni, sahani ya mandazi mkononi. "Na hizo kuku nilinunulia watoto."

"Watoto wako wako Embu, kule Kenya, mama," Jenerali akamkumbusha.

"Hayo yote sijali," Sadock akasema. "Nyinyi nitawapikia pilau mtasahau. Mimi namuwaza Mwita."

Mwita ni kaka mkubwa wa Bertila, na Bertila ndiye Sadock anayetaka kumuoa. Mshenga alikuwa hajakubaliwa hata kubisha hodi, kwa sababu Mwita alisema hapokei maneno kabla hajamwona mwanaume mwenyewe nyumbani kwake, anavyokaa na watu. Karamu yote ilikuwa kwa ajili hiyo. Na kwa ukubwa wake wageni walimwacha Mwita achague wa kwanza, naye akabeba bakuli kubwa kuliko yote.

"Ilikuwa sosi," Sadock akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa. "Mafuta, mayai na kitunguu saumu kibichi. Ya kuchovyea! Ya watu wote!"

"Aliikula na kijiko," Lenny akasema. "Niliona. Kila kijiko anafunga macho kwanza. Machozi ilikuwa inatiririka, buda, lakini mzee hakuacha kula."

"Akapangusa bakuli na kidole," Jenerali akaongeza. "Akasema aksanti. Vraiment, kweli kabisa, ule ni mwanaume."

"Bertila amekuambia nini?" Wawira akauliza.

"Ameniandikia tu kwamba kaka hajafungua mdomo tangu jana. Sijui ni hasira, sijui ni kitunguu."

Wakiwa hapo pikapu ya Mwita ikaingia, ikasimama. Lenny akakumbuka ghafla kwamba ana haja ya choo, lakini akabaki, asije akakosa habari. Sadock alisimama.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Harufu ya kitunguu saumu ilitangulia jibu. Mwita alizunguka nyuma ya pikapu, akashusha gunia la unga, na juu yake akaweka mguu mzima wa mbuzi uliofungwa vizuri kwenye mfuko.

"Kaka, kuhusu jana..."

"Nyamaza nimalize. Nimesikia huko Richardson unakofanya kazi, maofisini wanapunguza watu. Sikujua kama na wewe umo." Sadock akafungua mdomo, Mwita akamnyooshea kiganja. "Niliangalia, bwana mdogo. Wageni wanane, chakula cha mtu mmoja na nusu. Mwingine angezima simu, akajifungia ndani. Wewe umekigawa, kila mtu na kasahani kake, mwenyewe hukubaki hata na tonge. Mimi mkubwa ukaniwekea bakuli. Sijui kilikuwa kitu gani na usiniambie. Nilikimaliza ili nisikutie aibu."

Akacheua kitunguu, uso ukamkunjamana, akaendelea.

"Hapa natoka kumuuliza Bertila hali yako, anacheka tu. Nikajua anakufichia. Mtu wa namna hii siwezi kumnyima dada yangu. Mshenga aje Jumamosi."

Sadock alizunguka maduka matatu kuitafuta ile jibini. Zile zeituni za Jenerali zilitoka Hispania yenyewe, na kazini wiki iliyopita tu alipandishwa cheo. Yote yalimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi, na roho ilimuuma kwa kweli. Kisha akamfikiria Bertila, akayameza.

"Asante sana kaka," akasema. "Ndicho kilichokuwepo."

"Lakini si ile cheese ya..." Lenny akaanza, Jenerali akamkanyaga mguu.

"Gari lako liko wapi nikuwekee mizigo?" Mwita akauliza.

Gari la Sadock lilikuwa hatua tano mbele yao, jeupe, jipya, limeoshwa jana kwa heshima ya wageni.

"Sina, kaka."

"Huna gari? Texas hii?" Mwita aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Panda kwangu. Nitakupeleka."

Sadock akalikumbatia gunia haraka kabla maswali hayajaongezeka. Gunia likambana paja, paja likabana kitufe cha funguo mfukoni, na lile gari jeupe likawasha taa zote na kupiga honi kama lina harusi.

"La nani hilo?" Mwita akauliza.

Jenerali akasimama taratibu, akakung'uta makombo ya mandazi kwenye suruali, akanyoosha mkono.

"Ya mimi, papa. Sadock, leta ile funguo nilikupatia unichungie."

Angefanyaje? Akazitoa. Akapanda pikapu, mguu wa mbuzi mapajani, kioo wameshusha kwa sababu ya kitunguu. Pembeni yao Jenerali alikuwa anasogeza kiti cha ngozi nyuma apate nafasi ya kitambi, na Lenny amekwishaingia upande wa pili.

"Buda, utamrudishia lini?"

Jenerali akafunga mkanda.

"Mutu masikini ana gari wapi? Tungojee kwanza aoe."