Elfu Arobaini na Saba, Kasoro Kidogo

Asilimia aliingia kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo peke yake lilistahili kutangazwa redioni. Alikuja kuripoti kitambulisho kilichopotea, akamkuta sajenti wa kaunta akijipepea kwa faili na kumlalamikia mwenzake.

"Mwaka huu taarifa za watoto kupotea ni elfu nne! Mkono umekufa kwa kuandika."

Moyo wa Asilimia uliyeyuka. Kwa furaha.

"Afande, watoto elfu nne?"

"Taarifa, bwana, si watoto. Karibu wote walirudi kabla ya chakula cha jioni. Huyu alikuwa kwa jirani anatazama katuni, yule kalala uvunguni mwa kitanda. Kuna mmoja ameripotiwa mara tisa peke yake, kila akigombezwa anakimbilia kwa bibi yake. Ambao hawajaonekana mpaka leo ni watatu."

Asilimia akaibeba ile elfu nne kwa uangalifu, kama mtu aliyeokota yai. Maelezo aliyaacha palepale kaunta. Yalikuwa mazito. Huyu bwana, ieleweke, jina hilo alipewa mtaani kwa sababu hakuwahi kusema uongo bila kuuwekea hesabu.

Kabla ya jioni alikuwa ameketi mbele ya Tajiri wa Mageti, mtu aliyekwisha kuuzia nusu ya mji milango ya chuma na sasa aliitamani nusu iliyobaki.

"Kampeni ya uhamasishaji, mzee. Mabango mji mzima. Wewe unafadhili, watu wanaogopa, wakiogopa wananunua mageti. Mimi nabaki na kasehemu kadogo ka uratibu."

"Wamepotea wangapi?"

"Elfu nne."

Tajiri akakunja uso kama aliyeletewa soda ya moto. "Elfu nne tu? Hiyo haimwamshi mtu usingizini. Panda."

"Tukisema elfu kumi..."

"Sitini."

"Mzee, sitini mashule yatabaki na walimu watupu! Tuwe waaminifu." Hapo Asilimia aliweka mkono kifuani. "Arobaini na saba. Elfu hamsini mtu akiisikia anajua imetungwa. Arobaini na saba ni namba ya mtu aliyekaa chini akahesabu."

Wakapeana mikono, na Tajiri akatoa fungu la kwanza. Hivyo ndivyo watoto elfu arobaini na tatu walivyopotea kwa mkupuo mmoja, ofisini mwa watu, kila mmoja akiwa nyumbani kwao.

Mabango yakapanda, mji ukashikwa na homa. Mtoto akitumwa chumvi, polisi wanapigiwa simu kabla hajafika dukani. Baba mmoja aliyekuwa akimburura mwanawe kwenda kwa kinyozi alizingirwa na watu mpaka mkewe alipokuja kumtetea, na hata mke alifikiri kwanza. Mageti yakauzika. Simu ya kituo ikaita kutwa kucha, hadi sajenti akaichomoa waya ili apate kunywa chai.

Ofisi ya kampeni ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Ndimo alimoingia mama mshonaji, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Mwanangu ni mmoja wa wale watatu," akasema. "Nilimtuma uzi mweusi, hajarudi. Nikipiga polisi, simu haishikiki. Nataka mumweke kwenye bango."

"Pole sana, mama. Lakini tukimweka wako, wale wengine maelfu watajisikiaje?"

"Wengine wepi, baba? Wako wawili. Mama zao nawajua."

Asilimia akapatwa na kikohozi. Mshonaji akamtazama kwa jicho la kumkatia suti.

"Jumamosi tajiri anakabidhi pesa zilizobaki mbele ya kamera, eti? Na wewe huna mama wa kulia."

Kweli hakuwa naye. Alikuwa amezungumza na mwigizaji mmoja, yule akataka alipwe kwa kila chozi.

"Unaweza kulia, mama?"

"Mimi nikianza, kuninyamazisha ndiyo kazi."

Huruma ikamjaa Asilimia. Akampa nafasi hiyo bure kabisa, akamkaririsha na namba.

Jumamosi uwanja ulifurika. Asilimia alikuwa amekwisha kufunga begi lake la safari. Mshonaji akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti. Hakulia.

"Wamepotea watatu," akasema.

Chini ya jukwaa Asilimia akamwonyesha vidole vinne, kisha saba, kisha akapunga mikono yote miwili.

"Watatu. Hao maelfu mnao nyumbani, wengine wamekaa hapo mbele wananyonya barafu. Lakini watatu tunaweza kuwatafuta. Wangu ana alama ya pasi mkono wa kushoto, ncha inaelekea kiwiko. Wa pili ana pengo la mbele, akiogopa anacheka. Wa tatu ni msichana, anatembea akihesabu milango. Na mzee wetu hapa, Mungu ambariki, amesema pesa zote ni za kubandika nyuso zao."

Mzee hakuwa amesema chochote. Lakini makofi yalivuma, vigelegele vikapasuka, kamera zote zikamgeukia, na Tajiri, ambaye hajawahi kushangiliwa na mtu asiyemlipa mshahara, akajikuta amesimama.

"Nimesema!" akanguruma, akamkabidhi mshonaji bahasha.

Ndipo muuza viazi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Alama ya pasi? Mbona huyo yuko ghala la magunia! Wanamwita Bubu, haongei na mtu!"

Mshonaji alitupa kipaza sauti, akatimua mbio, bahasha kwapani, na uwanja mzima nyuma yake. Wakabaki viti, Tajiri na Asilimia.

"Asilimia," Tajiri akasema polepole, "watatu?"

"Mzee, kitaalamu, ukichukua asilimia ya..."

"Nirudishie lile fungu la kwanza."

Asilimia naye akatimua mbio, ila upande wa pili, akaacha hata begi.

Siku chache baadaye alipita mjini kwa kuibia, kofia imemfika puani, akasimama mbele ya bango jipya. Nyuso mbili, ya mwenye pengo na ya yule msichana. Palipoandikwa WATATU pamepigwa mstari wa rangi, na juu yake mtu ameandika WAWILI. Akaisoma mara mbili. Hakuna namba iliyowahi kupita mikononi mwake ikapungua.

Mara kofi likamtua begani. Rafiki wa zamani, meno yote nje.

"Asilimia! Ndugu yangu, umepotea sana!"

Asilimia akatazama kushoto na kulia.

"Punguza sauti," akanong'ona. "Na tafadhali, usiniripoti."